Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: saa ya fidia inaanza kuhesabu lini?

Kwa Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA),
Dodoma.

Yah: KUCHELEWESHWA KWA FIDIA ZA BIMA YA NYUMBA

Ndugu Kamishna,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkadiriaji majenzi hapa Moshi. Kazi yangu ni kupima na kuhesabu: tofali ngapi, bati ngapi, nondo za milimita ngapi, fundi na saidia fundi siku ngapi. Nyumba ya mtu ikiungua au upepo ukiezua paa, na mwenye nyumba akawa na bima, huwa naitwa kuandaa mchanganuo wa gharama ambao kampuni ya bima inautaka kabla ya kulipa. Nyumba yangu mwenyewe haijaungua, na sina madai kwa kampuni yoyote. Ninaandika kwa sababu michanganuo yangu inaozea kwenye mafaili huku nyumba zenyewe zikiozea mvuani, na nimeshafikia kuamini kwamba tatizo hili ofisi yako inaweza kulitatua bila kusubiri Bunge.

Jambo lenyewe ni hili. Mamlaka imeweka muda ambao kampuni inapaswa iwe imeshalipa fidia. Maofisa wako wanautaja kwenye semina, tunausikia redioni, na mawakala wanautumia kuuzia bima. Lakini muda huo unaanza kuhesabiwa pale nyaraka za madai zinapokamilika. Na anayesema kwamba zimekamilika ni nani? Ni kampuni ileile inayodaiwa. Ikisema leo kwamba bado inahitaji karatasi moja, saa haijaanza. Ukiipeleka, ikasema wiki ijayo kwamba kuna nyingine, saa bado haijaanza. Ni sawa na mechi ambayo saa ya mwamuzi kapewa kepteni wa timu moja akae nayo mfukoni. Kwa mpango huu kampuni inaweza kukaa na madai ya mtu tangu vuli hadi masika yaishe, kisha ikakuletea taarifa safi kabisa kwamba haijawahi kuvuka muda hata mara moja. Na itakuwa inasema kweli.

Hebu tuifuate njia yenyewe. Siku za mwanzo baada ya moto, kampuni huomba vitu ambavyo hakuna mwenye akili timamu atakayevikataa: fomu ya madai, RB ya polisi, ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, picha, mchanganuo wa gharama. Mkadiria hasara wa kampuni anakuja, anapiga picha zake, anauliza moto ulianzia wapi, anaondoka. Hadi hapo kila kitu kinakwenda. Shida huanza akishaondoka. Kunakuwa kimya. Mwenye nyumba akipiga simu anaambiwa faili liko Dar es Salaam. Akipiga tena anaambiwa kuna nyaraka imepungua. Anaipeleka, kimya kingine, kisha nyaraka nyingine. Kila ombi ukilitazama peke yake lina sababu yake. Ukiyapanga yote kwa tarehe ndipo unagundua kwamba karibu karatasi zote hizo zingeweza kuombwa siku ya kwanza, kwenye orodha moja.

Mteja wangu mmoja wa Njoro aliombwa risiti za mashine za bati na mbao alizoezekea. Nyumba ile ilijengwa miaka ya tisini. Mashine za risiti za kielektroniki zimeanza kutumika nchini mwaka 2010. Na hata kama risiti zingekuwepo, zingekuwa wapi kama si kwenye kabati lililoungua? Nikaandika barua ya kitaalamu kueleza kwamba paa hupimwa kwa mita za mraba, kwamba kuta zipo na vipimo vyake vinaonekana, na kwamba risiti ya zamani haisemi lolote kuhusu gharama ya kuezeka leo. Barua ilipokelewa na kugongwa muhuri. Majibu hayakuja. Kilichokuja ni ombi la cheti cha fundi umeme aliyetandaza nyaya, ambaye ni marehemu.

Lakini karatasi inayotesa zaidi huku kwetu ni hati. Ndugu Kamishna, wasaidizi wako wa Kanda ya Kaskazini walioko Arusha watakueleza kwamba nyumba nyingi nzuri za Kibosho, Uru, Machame na Marangu zimesimama kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Kihamba kimetoka kwa babu kikaja kwa baba, kikaja kwa mtoto. Mipaka yake ni mimea ya masale, na mashahidi wake ni ukoo na majirani. Wapo waliokwisha kuchukua hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Wengi hawajachukua, na hilo haliwafanyi wavamizi, kwa sababu sheria zetu za ardhi zinaitambua haki ya kimila hata pale ambapo cheti hakijatolewa.

Sasa wakala wa bima anapanda mlimani. Kijana wa watu aliyekaa Dar miaka yote na kujenga kwa baba yake amekuja likizo ya Desemba, ana fedha kidogo, anataka nyumba ya wazazi iwe na kinga. Wakala anakaribishwa, anakunywa chai, anazunguka nyumba, anapokea ada. Haulizi hati. Mwaka wa pili anakuja kuhuisha, haulizi hati. Mwaka wa tatu vilevile. Hati inaulizwa kwa mara ya kwanza siku jiko limewaka na moto umepanda darini. Wakati huo jina lililoko kwenye kumbukumbu za ukoo ni la babu aliyefariki zamani, mirathi haijafunguliwa, na mashangazi wawili hawaelewani. Kampuni inasema: kamilisheni, sisi tunawasubiri.

Hapo huwa nashindwa kuelewa. Kama kampuni haiamini kwamba mtu huyu ana maslahi ya kisheria katika nyumba ile, ada yake ilipokelewa kwa ajili ya nini? Aliyejenga kwa fedha zake, ambaye nyumba ikiungua hasara ni yake, ana maslahi hata kama ardhi imeandikwa jina la ukoo. Kampuni ina haki ya kutaka uthibitisho, na ukoo na serikali ya kijiji wanaweza kuutoa. Iutake siku ya kuuza bima. Ikishakubali kupokea ada bila hati, isiruhusiwe kuizuia fidia kwa sababu ya hati hiyohiyo.

Niseme na kuhusu mvua, maana huko Dodoma pengine haina uzito kama ilivyo huku.

Nyumba ikiungua Februari, mwenye nyumba ana wiki chache tu kabla masika hayajaingia. Aprili na Mei kwenye miteremko ya kusini ya mlima si mvua ya kukinga kwa turubai. Ukuta wa tofali za saruji uliopoteza paa hunywa maji kutoka juu. Plasta ilishaachia kwa joto la moto; maji yanakuja kuimalizia. Mkanda wa zege juu ya madirisha uliopata nyufa ndogo, nyufa zinapanuka, nondo zinaanza kula kutu. Milango na fremu zilizosalimika kwenye moto zinavimba. Kule chini, kwenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, maji yanayomwagika ndani bila paa wala mfereji yanaufikia hata msingi ambao moto haukuugusa.

Nimewahi kupima nyumba ileile kabla ya masika na baada ya masika. Kabla, kazi ilikuwa paa, dari, nyaya na rangi. Baada, ilikuwa paa, dari, nyaya, rangi, milango yote, na ukuta mmoja wa kubomoa mpaka chini. Moto haukuubomoa ukuta ule. Kampuni ikajibu, safari hii haraka, kwa barua nzuri yenye nembo: uharibifu wa mvua uliotokea baada ya tukio haumo kwenye madai, na mteja alikuwa na wajibu wa kuzuia hasara isiongezeke. Ni kweli, mkataba unampa wajibu huo. Lakini mteja huyohuyo alikuwa ameambiwa na mkadiria hasara asiguse kitu mpaka ukaguzi ukamilike, na ruhusa ya kugusa haikuwahi kuja. Angefanya lipi?

Kuna na suala la bei. Chini ya kila mchanganuo ninaouandika huwa kuna mstari unaosema bei hizi ni halali kwa siku 30. Sifanyi hivyo kwa ujanja. Bati la rangi bei yake inafuata dola, nondo na saruji zinapanda bila kupiga hodi, mbao zikiadimika hakuna anayekuuliza bajeti yako. Kampuni inapokuja kulipa baada ya miezi mingi, inalipa kwa bei za mchanganuo ule wa mwanzo. Fedha inatosha robo tatu ya paa. Sijawahi kukutana na fundi anayejua kuezeka robo tatu ya paa.

Halafu inaletwa karatasi ya mwisho, ile ya kukubali kwamba malipo haya ni kamili na mteja hatadai tena. Mtu ambaye amekaa kwa shemeji yake na watoto tangu Februari, akiletewa Agosti kiasi pungufu na kuambiwa asaini au faili lirudi makao makuu, atasaini. Mimi simlaumu. Ila kama mtu wa hesabu naona kilichotokea: muda umeshusha bei ya madai. Siamini kwamba kila kampuni inachelewesha kwa makusudi. Mahali pengine ni uzembe tu, ni meneja wa tawi asiye na mamlaka ya kuidhinisha hata milioni tano, ni barua pepe ambayo mtu wa makao makuu hajaifungua. Lakini mwenye uzembe na mwenye hila wote wanavuna faida ileile, na hakuna anayetozwa hata senti. Kwa nini basi waharakishe?

Upande wa mteja mambo ni tofauti kabisa. Yeye hana siku hata moja ya kuchelewa. Hakuna ada, hakuna bima: fedha inatangulia, na kodi ya ongezeko la thamani juu yake. Aliyechukua mkopo wa nyumba ndiye hana hata nafasi ya kusahau, kwani benki inamkata juu kwa juu.

Nikiwa hapo kwenye benki, niseme kidogo jambo linalorefusha mabishano bila sababu. Bima zinazokatwa kupitia mkopo nimeziona mara nyingi zikiandikwa kwa kiasi cha mkopo, si kwa gharama ya kuijenga nyumba upya. Nyumba ambayo kuijenga upya ni shilingi milioni 120, ikikatiwa bima ya milioni 80, na ikapata hasara ya milioni 30, kwa kanuni ya uwiano inalipwa milioni 20. Kanuni hiyo ni halali na ina mantiki yake, kwani aliyelipia theluthi mbili ya kinga anapata theluthi mbili ya fidia. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba anaisikia kwa mara ya kwanza mbele ya mkadiria hasara, akiwa ameshaungua, na ubishi wake unakula miezi. Wapo pia wanaokosea upande wa pili: wanakata bima kwa bei ya soko pamoja na kiwanja, wakati kiwanja hakiungui. Dakika kumi za wakala siku ya kuuza zingemaliza yote hayo.

Nisionekane kama nimekuja kutetea upande mmoja. Kwenye kazi hii nimeombwa mara nyingi niongeze. Mtu ana hasara ya milioni 12, anataka niandike 25, “maana watakata tu”. Huwa nakataa na wakati mwingine napoteza kazi, anaipata mwingine asiyekataa. Wapo pia wanaochoma wenyewe. Mkadiria hasara ana kila haki ya kuchunguza, na moto si kitu cha kuchunguza kwa kukimbia: lazima uangalie ulianzia wapi, nyaya zilikuwaje, mtungi wa gesi ulikuwa wapi. Muda wa uchunguzi wa kweli siupingi. Napinga muda ambao hakuna mtu anayechunguza chochote na faili limelala. Tena hao wanaoongeza bei nao wamefundishwa na mfumo huohuo: wamemwona jirani aliyeandika ukweli akikatwa na kucheleweshwa, wakaamua waanzie juu. Kampuni nazo, zikijua watu wanaanzia juu, zinakata kila mtu. Mkweli anaumia kotekote.

Makampuni pia hutuambia kuhusu bima mtawanyo, kwamba mzigo umegawanywa na kampuni nyingine, na mpaka hao wakubali hakuna kinacholipwa. Naelewa kwa kitu kikubwa. Lakini paa la nyumba ya vyumba vitatu Majengo si ndege, wala si ghala la kahawa. Na hata lingekuwa hivyo, mkataba wa mteja uko kati yake na kampuni aliyoilipa ada. Wale wengine hawajui, hakuwachagua, na hana namba yao ya simu.

Ndugu Kamishna, pengine utaniambia kwamba kwa haya yote yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kwamba Sheria ya Bima ya 2009 iliweka ofisi hiyo kwa ajili ya watu kama hawa. Ni kweli, na mtu aliyekataliwa fidia huwa namwambia aende huko kabla hajamtafuta wakili. Lakini msuluhishi anahitaji mgogoro. Mtu ninayemzungumzia hapa hajakataliwa. Kampuni haijasema hapana, inasema “tunalishughulikia”. Akienda kulalamika, kampuni itajibu kwa adabu kwamba bado inasubiri nyaraka kutoka kwa mteja, na kwenye karatasi itaonekana mteja ndiye mchelewaji. Ndiyo maana nasema ufunguo wa kesi hizi zote ni tarehe moja tu, ile ya kuanza kuhesabu, na tarehe hiyo leo haina mwenyewe.

Ninaomba uipe mwenyewe. Toa mwongozo kwamba saa inaanza siku ambayo kampuni imepokea taarifa ya madai kwa maandishi, na kwamba ndani ya siku chache za mwanzo, mimi ningesema saba, kampuni impe mteja orodha moja ya kila kitu inachohitaji. Karatasi ambayo haimo kwenye orodha hiyo isisimamishe saa. Kama uchunguzi umeibua jambo jipya kweli, kampuni iandike ni jambo gani na kwa nini halikujulikana mwanzo, na nakala ije kwenu. Mtaona jinsi “mambo mapya” yatakavyopungua. Orodha ya kawaida ya madai ya moto, ya upepo na ya mafuriko iambatanishwe na mkataba tangu siku ya kuuza, kwa Kiswahili. Mikataba mingi ya bima ya nyumba inayopita mikononi mwangu ni ya Kiingereza cha wanasheria, na mwenye nyumba anakuja kuuliza maana ya vifungu kwangu mimi, mtu wa tofali.

Na kila karatasi inayopokelewa ipewe tarehe ambayo mteja anaiona. Hili haliwezi kuwa gumu. Leo mtu yeyote anaweza kuhakiki kwa simu yake kama stika ya bima ya gari ni halali, kwa sababu Mamlaka ilijenga mfumo na kuzilazimisha kampuni zote ziingie. Mfumo unaoweza kusema bima hii ipo unaweza pia kusema madai haya yaliingia lini, nyaraka gani imepokelewa, na mpira uko kwa nani. Wewe mwenyewe ukiwa Dodoma utaona kampuni gani ina mafaili yaliyolala, bila kusubiri barua za watu kama mimi.

La pili kwa uzito ni sehemu isiyo na ubishi. Kwenye moto mwingi ninaoupima, kampuni na mteja hawabishani kuhusu kila kitu. Wote wanakubali kwamba paa limekwenda. Wanabishana kuhusu samani, au ukuta wa nyuma, au thamani ya televisheni. Kwa nini paa lisubiri televisheni? Kampuni ilipe kile ambacho mkadiria hasara wake mwenyewe ameshakikubali, mabishano ya kilichobaki yaendelee, na kupokea malipo hayo kusichukuliwe kwamba mteja ameridhika na yote. Na pale ambapo masika yako karibu, gharama ya kufunika nyumba kwa muda itolewe mara tu baada ya ukaguzi wa kwanza. Bati za kufunikia hazifikii hata kidogo gharama ya ukuta niliouzungumzia.

Kisha kuwe na gharama ya kuchelewa. Si jambo la kubuni. Uingereza, ambako misingi mingi ya sheria yetu ya bima ilichotwa, ilikaa miaka mingi na msimamo kwamba kampuni ikichelewa kulipa, mteja hawezi kudai fidia kwa hasara iliyoletwa na ucheleweshaji huo. Waliliona kosa hilo, wakaongeza kifungu kwenye Sheria yao ya Bima ya 2015, na tangu Mei 2017 kila mkataba wa bima una sharti kwamba kampuni italipa ndani ya muda unaofaa. Isipolipa, mteja anaweza kudai hasara aliyoipata kwa kusubiri. Muda wa kuchunguza umo ndani ya sharti hilo, kwa hiyo kampuni makini haiogopi. India nako kanuni za mamlaka yao zimeitaka kampuni iliyochelewa ilipe riba ya asilimia 2 juu ya kiwango cha riba cha benki kuu. Sisi tumebaki na msimamo ambao wenye nao waliuacha.

Kama riba itaonekana ni kubwa mno kuanza nayo, anzeni na bei. Malipo yakivuka muda, mchanganuo uandikwe upya kwa bei za siku ya kulipa, na gharama ya kuuandika iwe ya kampuni. Hata mimi nitafanya hesabu hiyo kwa moyo mweupe.

Mpango Mkuu wa Maendeleo ya Sekta ya Fedha unataka ifikapo 2030 nusu ya watu wazima nchini wawe wanatumia bima. Tuliona Soko la Kariakoo likiungua Julai 2021 na Karume Januari 2022, na Sheria ya Fedha ya 2022 ikaweka bima ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara. Sina ugomvi na ulazima huo. Lakini Serikali ikishamlazimisha mtu kulipa ada, imebeba pia wajibu wa kuhakikisha kwamba fidia inatoka. Na kwa hawa wenye nyumba za kuishi, ambao hakuna anayewalazimisha, mtangazaji mkubwa si semina wala bango la barabara ya Arusha. Watu wa Kiboriloni wanamwangalia jirani aliyeungua. Kama mwaka umepita na bado anaishi chini ya turubai huku mkataba wake wa bima uko kwenye bahasha, wakala aje na kalenda, aje na kofia, hatauza hapo.

Vuli zinakaribia, na zikipita ni msimu wa kiangazi kifupi ambao kila mtu huku anaezeka, kisha masika tena. Mwongozo ukitoka kabla ya Januari, kuna nyumba zitaezekwa kabla ya Machi. Baadhi ya wenye nyumba niliowataja wameniruhusu kuonyesha mafaili yao kwa ofisi yako, majina yakiwa yamefunikwa na tarehe zikiwa wazi. Nitayaleta mwenyewe ofisi ya Kanda Arusha, siku yoyote mtakayonipangia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkadiriaji majenzi,
Moshi, Kilimanjaro.

Nakala:
Msuluhishi wa Migogoro ya Bima
Chama cha Makampuni ya Bima Tanzania
Meneja wa TIRA, Kanda ya Kaskazini, Arusha